Chai ya boba: duka zuri ni lile linalojibu maswali ya mzazi

Mtoto akifika kaunta ya duka la boba huwa anajua anachotaka kabla mzazi hajamaliza kusoma ubao. Muuzaji naye haulizi swali moja. Kikombe cha kati au kikubwa? Sukari kiasi gani? Barafu je? Aongezewe nini ndani? Mzazi aliyezoea kuagiza chai kwa maneno mawili tu, ya maziwa au ya rangi, hubaki akitazama picha ukutani huku foleni ikirefuka nyuma yake. Mwisho mtoto anamjibia: kikubwa, sukari yote, gololi nyingi.

Kinywaji hiki kimeshaingia kwenye miji mingi mikubwa duniani na watoto wa shule wanakifahamu kwa picha za simu hata kama hawajawahi kukionja. Kwa hiyo swali la wazazi wengi si tena kama mtoto atakunywa. Swali ni wapi, kipi, na mara ngapi.

Kikichunguzwa, si kigeni kiasi hicho. Ni chai, maziwa, sukari na barafu, pamoja na vidonge vyeusi vinavyotulia chini ya kikombe na kuvutwa kwa mrija mnene. Vidonge hivyo, ambavyo kwa umbo ni gololi kabisa, ni wanga wa muhogo. Ni muhogo huuhuu unaochomwa barabarani na kupakwa pilipili na ndimu, ila hapa umechujwa, ukafinyangwa, ukachemshwa na kulowekwa kwenye shira. Weusi wake hutokana na sukari ya kahawia au karameli.

Kilianzia Taiwan miaka ya 1980. Migahawa miwili ya chai, Chun Shui Tang wa Taichung na Hanlin wa Tainan, ilifikishana mahakamani na kugombana kwa takriban miaka 10 juu ya nani aliyekibuni. Mwaka 2019 mahakama ikaona hakuna sababu ya kumtaja mshindi, kwani kinywaji hakikuwa na hataza na kila mtu ana ruhusa ya kukitengeneza. Na kweli, kila mtu anakitengeneza. Wapo wanaochemsha majani ya chai asubuhi na mchana, na wapo wanaokoroga unga wa pakiti kwenye maji ya bomba. Kikombe kwa nje kinafanana.

Herufi moja kwenye ubao

Jiji ambalo mzazi anaweza kujifunza mengi kuhusu jambo hili ni Singapore. Huko maduka ya boba yako karibu kila jengo la biashara na kila kituo kikubwa cha treni, na watoto hupitia wakitoka shule. Ni jiji lenye joto mwaka mzima, kama Dar es Salaam au Mombasa, na kinywaji cha baridi hakikosi mteja.

Lakini ni jiji pia lenye hofu ya kisukari. Mwaka 2016 serikali yake ilitangaza vita dhidi ya ugonjwa huo, na mwaka uliofuata Waziri Mkuu wa wakati huo, Lee Hsien Loong, akautumia sehemu kubwa ya hotuba yake ya Siku ya Taifa kuzungumzia kisukari. Hotuba za namna hiyo kwa kawaida huwa za uchumi na ulinzi. Safari hii wananchi wakaambiwa waangalie vikombe vyao.

Hotuba peke yake isingemsaidia mzazi aliyesimama kaunta. Kilichomsaidia ni sheria. Kuanzia mwisho wa mwaka 2022 vinywaji vya chupa na kopo viliwekewa madaraja ya A, B, C na D, na mwisho wa mwaka 2023 madaraja hayo yakafika kwenye vinywaji vinavyotengenezwa hapohapo dukani, boba ikiwemo. Kinywaji cha daraja C au D lazima kioneshe herufi yake kwenye orodha ya bei. Chenye D hakiruhusiwi kutangazwa.

Hesabu yake ni rahisi. Katika kila mililita 100, kinywaji chenye sukari isiyozidi gramu 1 na kisicho na vitamu vya kutengenezwa hupata A. Kikizidi hapo hadi gramu 5 ni B. Kutoka gramu 5 hadi 10 ni C. Zaidi ya gramu 10 ni D. Mafuta mazito, yale yanayoganda, nayo hupimwa, na kinywaji hupewa daraja baya zaidi kati ya hayo mawili.

Mzazi anapaswa kuwa makini na hizo mililita 100. Hakuna mtoto anayeagiza mililita 100. Kikombe cha boba huwa mililita 500, na kile kikubwa hufika 700. Chukua kinywaji cha daraja B chenye gramu 4 kwa kila mililita 100. Kwenye kikombe cha 500 ni gramu 20 za sukari. Kwenye cha 700 ni gramu 28, na herufi ubaoni haijabadilika, bado ni B ileile nzuri. Hapo gololi hazijaingia, nazo huja na shira yake.

Gramu 28 ni nyingi au kidogo? Huduma ya afya ya umma ya Uingereza inashauri mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku, wa miaka 7 hadi 10 asizidishe gramu 24, na kuanzia miaka 11 mwisho uwe gramu 30. Hiyo ni siku nzima: uji wa asubuhi, maandazi, juisi, biskuti, vyote. Kwa hiyo kikombe kimoja kikubwa cha daraja B kinammalizia mtoto wa darasa la tatu sukari yake yote ya siku na kumzidishia.

Na hicho ni kikombe chenye nidhamu. Mwaka 2019 Hospitali ya Mount Alvernia ya Singapore ilitoa makadirio ya sukari kwenye aina kadhaa za boba za mililita 500. Chai ya maziwa yenye gololi ilikuwa na vijiko 8 vya chai vya sukari. Ile ya sukari ya kahawia, ambayo shira yake hupakwa ukutani mwa kikombe ikaonekana kama milia, ilikuwa na vijiko 18 na nusu, yaani gramu 92. Kwa mtoto wa miaka 8 hiyo ni karibu sukari ya siku nne, inayonywewa kwa dakika kumi akiwa anaangalia katuni.

Ile ya milia ndiyo inayopigwa picha zaidi. Ndiyo mtoto anayoiomba.

Namna ya kuagiza

Maduka mengi ya boba huuliza kiwango cha sukari kwa asilimia: 0, 25, 50, 75 au 100. Asilimia 100 haina maana ya kipimo cha kawaida alichozoea mtu nyumbani. Ni kipimo cha duka, na kila duka lina chake. Asilimia 50 ya duka moja inaweza kuwa tamu kuliko 75 ya jirani yake. Ndiyo sababu swali la kwanza la mzazi lisiwe "mna boba gani nzuri?" Liwe: kwenye kikombe hiki, sukari yote ni gramu ngapi?

Taiwan, nyumbani kwa kinywaji hiki, ilianza mwaka 2015 kuyataka maduka ya vinywaji yaoneshe sukari na nguvu ya chakula iliyomo kwenye kikombe, pamoja na nchi majani ya chai yalikotoka. Kwa hiyo duka lenye makao makuu Taiwan au tawi Singapore tayari lina takwimu hizo. Muuzaji wa tawi lake katika jiji jingine akisema hazijulikani, basi hazijulikani kwake tu. Anaweza kuuliza. Duka la mtaani lisilo na takwimu nalo linaweza kujibu kwa njia ya zamani: vijiko vingapi, au shira inapimwa kwa kikombe gani. Muuzaji anayechota shira kwa kipimo hujibu bila kusita. Anayemimina kwa macho hujulikana.

Watu wa Singapore wana neno lao la kuagizia chai na kahawa isiyo na sukari kwenye migahawa ya kawaida: kosong, la Kimalay, lenye maana ya tupu au sifuri. Mteja hulitamka na mwenye mgahawa haulizi mara mbili. Kwa mtoto aliyezoea utamu, kosong siku ya kwanza ni adhabu na kikombe kitabaki mezani. Inafaa zaidi kushuka kidogo kidogo: kama alikuwa anakunywa 100, aanze na 75, baadaye 50, halafu 25. Ulimi huzoea. Na pale ambapo gololi zimelowekwa kwenye shira, asilimia 0 ya chai bado si sifuri ya kikombe, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi mpaka waulizwe.

Kikombe kidogo ndilo punguzo kubwa kuliko yote na halihitaji hesabu. Duka lisilo na kikombe kidogo linaweza kuombwa vikombe viwili kwa kinywaji kimoja, na watoto wawili wakagawana. Wakigombana kidogo, ni sawa.

Chai, maziwa, gololi

Sukari ikiondolewa njiani, ladha ya duka hubaki wazi, na hapo ndipo maduka mazuri hujitenga na mengine. Utamu mwingi huficha chai mbovu. Mzazi anayetaka kulipima duka jipya aagize chai ya maziwa ya kawaida kwa sukari ya asilimia 25, bila rangi za matunda wala povu la jibini juu. Kama chai ni ya majani, harufu yake itatangulia. Kama ni unga, kinachobaki ulimini ni utamu wa maziwa ya kopo na kitu kama chokaa.

Maziwa yenyewe huulizwa kwa sentensi moja: ni ya ng'ombe au ni krima ya unga? Krima nyingi za unga si maziwa, kwa sehemu kubwa ni mafuta ya mimea na sukari. Zamani baadhi zilitengenezwa kwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, yenye aina ya mafuta inayoharibu mishipa ya moyo, na Singapore iliyapiga marufuku mafuta hayo katika vyakula vyote kuanzia Juni 2021. Duka linalotumia maziwa halisi kwa kawaida hulitangaza. Lisilosema kitu liulizwe, na pakiti ikiwa karibu, isomwe.

Gololi nazo zina muda wake. Huchemshwa dakika 20 hadi 30, hufunikwa zitulie, kisha hutiwa kwenye shira. Zikiwa mpya ni laini nje na zinanepa katikati, jino linapita bila kugonga. Zikipitisha saa nne hivi huanza kukauka ndani na kuwa ngumu, na zikiwekwa kwenye jokofu huwa kama kifutio. Maduka makini huzimwaga na kuchemsha nyingine. Swali la "zimechemshwa saa ngapi?" halimuudhi muuzaji wa namna hiyo, huenda hata akafurahi kwamba mtu ameuliza.

Mwaka 2013 Taiwan ilikumbwa na kashfa baada ya kugundulika kwamba wanga uliotumika kutengenezea gololi na vyakula vingine ulikuwa umechanganywa na asidi ya maleiki, kemikali isiyoruhusiwa kwenye chakula. Bidhaa ziliondolewa madukani na wauzaji wengi wakaanza kuonesha karatasi za vipimo. Kwa mzazi funzo lake ni dogo la vitendo: gololi zenye pakiti iliyoandikwa mtengenezaji na tarehe ni bora kuliko zilizopakuliwa kwenye mfuko mweupe usio na neno.

Wazazi Waislamu wana swali jingine la kuuliza. Gololi za muhogo ni mmea, hazina tatizo. Jeli, custard na vitu vingine vinavyotikisika ndani ya kikombe vinaweza kuwa na gelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe asiyejulikana alivyochinjwa. Singapore, baraza la Kiislamu la MUIS hutoa cheti cha halali na duka lililonacho hukibandika. Pasipo na cheti, ni vyema kuishia kwenye gololi.

Barafu isisahaulike. Kugandisha maji hakuui vijidudu vyote, hivyo barafu ni salama tu kama maji yake yalikuwa salama. Katika majiji yanayotembelewa na kipindupindu, hili ni swali zito kuliko hata sukari. Barafu ya mashine iliyounganishwa na chujio na inayochotwa kwa koleo ni afadhali kuliko ile inayogongwa kwenye gunia na kuchotwa kwa glasi.

Mtoto wa chini ya miaka minne

Kuna jambo moja ambalo halipimwi kwa herufi wala asilimia, na ndilo lingepaswa kuwa la kwanza akilini mwa mzazi mwenye mtoto mdogo.

Mrija wa boba ni mnene kusudi gololi ipite. Mtoto akivuta, gololi haitembei polepole kama tonge. Inaruka na pumzi. Mtu mzima huizuia kwa ulimi, akaitafuna. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hana ustadi huo, meno yake ya kusagia bado hayajakamilika, na mara nyingi anavuta huku anacheka au anakimbia kati ya viti. Gololi ni ya mviringo, inateleza na haiyeyuki mdomoni. Ukubwa wake unatosha kuziba njia ya hewa ya mtoto kama kizibo cha chupa.

Ujerumani, boba ilipovuma mwaka 2012, taasisi ya serikali inayopima hatari za chakula, BfR, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilihili: gololi zinaweza kuvutwa hadi kwenye mapafu, hasa kwa watoto hadi miaka minne. Madaktari wa watoto wa Marekani kwa miaka mingi wamekuwa wakishauri vyakula vya mviringo na vinavyoteleza, kama zabibu nzima, visipewe watoto wa chini ya miaka minne. Gololi ya boba ni ndugu wa zabibu hiyo, tena inakuja kwa kasi ya mrija.

Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka minne asipewe gololi, hata moja ya kuonja, hata akilia. Vile vidonge vya juisi vinavyopasuka mdomoni, vinavyoonekana laini zaidi, havina ruhusa tofauti. Wala haisaidii kumwachia mtoto kikombe cha dada yake kilichobaki na "maji tu", kwani gololi mbili tatu hukwama chini na hupanda mwishoni, wakati hakuna tena anayeangalia.

Mwenye miaka mitano au sita anaweza kupewa kwa kijiko, akiwa ameketi, gololi chache kwa wakati mmoja, na atafune kabla ya kunywa. Maduka mengi yana vijiko ingawa hayavitoi mpaka viombwe. Ndani ya gari, kwenye bodaboda au akiwa amelala kwenye kiti, hapana, bila kujali umri wake.

Ikitokea mtoto amepaliwa, cha kwanza ni kumtazama. Akikohoa kwa nguvu, anapitisha hewa. Aachwe akohoe, atiwe moyo, asipewe maji. Akiwa hawezi kukohoa, kulia wala kusema, au midomo inageuka rangi, hakuna muda wa kutafuta usafiri kwanza. Mtu mmoja aite msaada, mwingine aanze.

Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, ainamishwe mbele na apigwe mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kama haikutoka, mkubwa asimame au apige magoti nyuma yake, akunje ngumi juu kidogo ya kitovu, aishike kwa mkono wa pili na kuvuta kwa ndani na juu kwa nguvu mara 5. Hizi mbili zirudiwe kwa zamu mpaka kitoke. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja tumbo halibanwi: alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mara 5 mgongoni, kisha ageuzwe na kifua chake kibonyezwe mara 5 katikati kwa vidole viwili. Akizimia, aanze kufufuliwa kwa kubonyeza kifua na kupuliziwa pumzi wakati msaada unakuja.

Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana, kwani hukisukuma ndani zaidi.

Na hata kama kimetoka na mtoto amerudi kucheza, aliyebanwa tumbo apelekwe kituo cha afya akaguliwe. Vilevile mtoto aliyepaliwa, akanyamaza, kisha akabaki na kikohozi kisichoisha au kifua kinachopiga mluzi kwa siku kadhaa. Kipande cha chakula kinaweza kukaa kwenye pafu bila kuonekana kwenye eksirei, na mzazi ndiye pekee anayekumbuka kwamba siku ile walipita kwenye duka la boba. Daktari aambiwe.

Mara ngapi, na saa ngapi

Chai ya boba ni chai, jambo ambalo husahaulika kwa sababu ya rangi zake. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inakadiria kikombe cha chai ya rangi cha mililita 220 kuwa na miligramu 50 hivi za kafeini, na inaona mtoto anaweza kuvumilia hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 20, basi, ana nafasi ya miligramu 60. Kikombe cha boba cha nusu lita kilichotengenezwa kwa chai kali kinaweza kuivuka nafasi hiyo. Anayekunywa saa kumi na moja jioni halafu akakataa kulala saa tatu usiku si mtukutu.

Chai pia hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Kwa mtoto ambaye kliniki ilishasema damu yake ni ndogo, boba isiende pamoja na chakula. Ikae saa moja au mbili mbali nacho, au iwe ya maziwa bila chai. Maduka mengi huwa nayo.

Kuhusu mara ngapi, familia nyingi hufanikiwa zaidi kwa siku inayojulikana kuliko kwa katazo. Siku ya matokeo, siku ya kuzaliwa, au Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya mshahara. Mtoto anayejua siku yake haombi kila akipita mlangoni. Na bei ya kikombe kimoja, katika majiji mengi, inatosha kununua maziwa ya nyumba nzima kwa siku mbili tatu, hoja ambayo baba wengi wataielewa haraka kuliko ya mililita 100.

Wapo wanaotengeneza nyumbani, na haishindi akili. Kinachohitajika ni wanga wa muhogo, sio unga wa muhogo wa ugali. Unga una nyuzinyuzi na gololi zake hupasuka sufuriani. Wanga ni ule mweupe unaotulia chini ya beseni muhogo uliokunwa ukikamuliwa na maji kuachwa yakae. Madukani huuzwa tayari, mara nyingi kwenye rafu ya vitu vya kuokea. Maji yachemshwe na sukari kidogo, yamiminwe yakiwa bado yanachemka juu ya wanga, ukandwe ungali wa moto, ukatwe vipande vidogo na kuviringishwa. Watoto wakubwa huipenda kazi hiyo na gololi zao hazilingani hata mbili. Zichemshwe dakika 20 hivi mpaka zielee na kuwa kama kioo, zifunikwe zitulie, ndipo zitiwe kwenye chai ya maziwa iliyopozwa, ambayo sukari yake mama ameipima mwenyewe. Mdogo wao apewe maziwa baridi kwenye kikombe chake, na mrija mwembamba wa soda.